Kuuza Matangi Mvua Ikinyesha

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na mimi nimepewa darasa.

Niandike vizuri, maana daftari hili nimelinunua kwa kazi hiyo. Kampuni yetu inauza matangi ya maji. Kiangazi tunauza hadi tunakosa pa kupumulia, na masika yakiingia duka linalala. Ndiyo maana masika ndipo tunapochukua watu wapya na kuwafundisha kuuza. Hoja ya wakubwa ni kwamba anayeweza kumuuzia mtu tangi huku maji yanamtiririka kisogoni, kiangazi hatahangaika. Aliyekuwa akifundisha, tuliyemwita Kamanda, amepandishwa cheo na kuhamishiwa tawi kubwa. Mkurugenzi ameniita mimi. Miaka tisa nimesimama kaunta, na wenzangu wananiita Redio kwa sababu sizimiki.

"Safari hii tunachukua wanawake sita," akasema. "Kila mmoja auze matangi matatu kabla ya masika kwisha. Utafaulisha wangapi?"

"Wanne," nikasema. Sijui lilitoka wapi.

"Haya, wanne. Ukifikisha, kiti cha mkufunzi ni chako. Usipofikisha, unarudi kaunta."

Kiti kile nakitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kazini, na leo ndiyo mara ya kwanza kulisema hilo, hata humu ambamo hakuna anayesoma.

Jumatano, 6 Machi

Usaili. Wamekuja wanawake kumi na wanane kwa nafasi sita. Tumewaona kwenye ghala, katikati ya matangi, harufu ya plastiki mpya imetujaa puani. Kila mmoja nilimwambia jambo moja tu: "Niuzie tangi hili."

Wengine walinifurahisha. Mmoja aliyekuwa mhudumu wa hoteli alilisifia tangi mpaka nikatamani kulinunua, na mimi ninalo nyumbani. Kisha akaingia mwanamke mwenye mabega mapana, ndala zimelowa, na kwenye fomu yake sehemu ya uzoefu ameandika mstari mmoja: kuuza maji kwa mkokoteni, miaka minane. Nikamwambia aniuzie. Akalizunguka tangi, akaligonga kwa kidole, akaniuliza:

"Kwako mko wangapi, dada?"

"Watano."

"Mwezi wa nane mnamaliza madumu mangapi kwa siku?"

Nikamwambia sijui. Nani anahesabu madumu?

"Basi siwezi kukuuzia bado," akasema, akakaa.

Nimeandika kwenye fomu yake: Hafai. Hana mdomo.

Jumatatu, 11 Machi

Wa sita hakutokea na simu yake haipatikani. Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa kuwa wengine wote walikuwa wameshapata shughuli nyingine, nimelazimika kumwita yule wa mkokoteni. Kafika mvua ikimwagika, kalowa mpaka kwenye mifupa, kakaa mbele. Hadi saa nne wenzake walikuwa wameshampa jina: Bi Madumu. Hakukasirika.

Alhamisi, 14 Machi

Tumefanya mazoezi ya hotuba yangu, ile ya dakika tatu iliyonipa sifa kaunta. Watano wameikariri kama wimbo. Bi Madumu anafika katikati, anasimama, anaangalia nje. Nikamuuliza anaangalia nini. "Mfereji wa bati la jirani umepasuka, mwalimu. Maji yote yale yanakwenda bure."

Jioni nimemlalamikia mama mkwe. Huyu mama alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali hadi anastaafu, na hana huruma. "Mwanangu," akaniambia, "debe tupu haliachi kuvuma. Sasa hebu jiulize kati yenu wawili debe ni nani."

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Hakuna aliyeuza.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Hakuna. Mteja mmoja alimwonyesha mhudumu wa hoteli ndoo iliyofurika chini ya bati lake, akamwambia, "Hilo hapo tangi langu, tena nilipewa na Mungu."

Jumatano, 27 Machi

Mhudumu wa hoteli kauza la kwanza! Tumempigia makofi hadi mlinzi kaja kuchungulia. Wengine bado. Nimeanza kuwaota wale wanne niliomwahidi mkurugenzi.

Jumatano, 3 Aprili

Leo niandike hata kama mkono utakufa ganzi.

Kila mwanafunzi lazima nimfuate nyumba kwa nyumba siku moja, na zamu ya Bi Madumu nilikuwa nimeiahirisha mara mbili. Nilijua nitalowa bure. Tumekwenda mitaa ya kule chini, tope mpaka vifundoni, hadi kwa mama mmoja mwenye chekechea nyumbani kwake. Watoto kama ishirini walikuwa barazani wanaimba, mvua inapiga bati kiasi kwamba tuliongea kwa kupayuka.

Mwenye nyumba alicheka alipoona karatasi zetu. "Tangi? Leo? Si niweke sufuria nje tu!"

Mimi mdomo ulikuwa umeshafunguka, dakika zangu tatu ziko tayari. Bi Madumu akanitangulia, bila haraka.

"Mama, mwaka juzi mwezi wa tisa, Jumatatu nilikuletea madumu ishirini na mawili. Jumatano ukaniambia nilete kumi na manne tu, kwa sababu watoto sita hawakuja, walikuwa wanaharisha. Wiki ile kisima cha juu kilikuwa kimekauka, nikayatoa maji kule bondeni. Nilikwambia uyachemshe. Ukasema mkaa umekwisha."

Mvua ikaendelea kupiga. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni, akavuta kiti kidogo cha mtoto akakikalia.

"Umekumbuka hilo," akasema.

"Nakumbuka yote, mama. Mimi ndiye niliyeyabeba."

Akamwonyesha paa. Akamwambia bati lile kwa mvua moja kama ya leo linajaza tangi la lita elfu mbili, akishautengeneza ule mfereji wa upande wa jikoni. Akamtajia madumu ya mwezi wa nane, ya mwezi wa tisa, ya mwezi wa kumi. Hakulisifia tangi hata kwa neno moja. Yule mama akasema, "Leta fomu," na macho yake yalikuwa na machozi, na mimi nilikuwa sijafungua kinywa tangu tulipoingia.

Njiani nikamuuliza anakumbuka nyumba ngapi namna ile.

"Za mitaa yangu? Zote. Mia na kitu."

"Umeziandika wapi?"

"Niandike wapi, dada, na mikono iko kwenye mkokoteni?"

Nilisimama katikati ya njia. Miaka tisa nimeuza matangi na sijawahi kujua hata nyumba moja inakunywa nini. Huyu amebeba kiu ya mitaa mitatu kichwani miaka minane, na mimi nilimwandikia hafai. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fomu ile ya usaili ningekuwa nayo mkononi ningeila.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeitupa hotuba. Nimemwomba Bi Madumu afundishe, mimi nikakaa dawati la nyuma. Alisimama mbele kama anasubiri adhabu. Kisha akawaambia: "Msianze na tangi. Anzeni na siku ambayo mtoto aliomba maji ya kunywa mkamwambia asubiri." Hakuna aliyecheka. Mhudumu wa hoteli aliandika kurasa mbili.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua ya mawe. Hata hivyo yameuzwa matangi matano wiki hii! Matano, na paka wanaogelea barabarani!

Jumatano, 24 Aprili

Nilifungua kabati la mafaili kutafuta fomu tupu, nikakutana na ripoti za Kamanda. Masika yake ya kwanza alifaulisha wawili kati ya sita. Ya pili, wawili. Ya tatu, mmoja. Nikadhani nimekosea, nikarudia kusoma. Nyuma ya ripoti ya kwanza kulikuwa na barua yake, nusu ukurasa, imeandikwa kabla hajafundisha hata mtu mmoja: Naomba nafasi ya ukufunzi. Chini yake saini ya mkurugenzi: Imekubaliwa.

Kumbe alipewa kwa kuomba. Na mimi, mwenye miaka tisa, nilijipangia mtihani mwenyewe kwa mdomo wangu mwenyewe, tena mgumu kuliko wa mtu yeyote aliyekikalia kile kiti.

Nimemsimulia mama mkwe, nikitegemea atacheka. Hakucheka. "Mimi niliwafundisha kazi mabosi watatu," akasema. "Wote walikuja hawajui hata kupanga barua. Nikawa najiambia, nikichapa kazi vizuri wataniita. Nilisubiri kuitwa miaka ishirini na sita. Waliniita siku ya kuniaga." Akaendelea kuchambua mchele. Sikuwahi kumsikia akilitaja hilo, na nimeishi naye miaka kumi na miwili.

Jumanne, 30 Aprili

Watatu wameshafikisha matatu. Wawili wamekata tamaa na siwalaumu. Bi Madumu ana mawili. Anatakiwa auze moja tu, na Ijumaa ya tarehe 17 tunafunga. Mvua imeanza kupungua.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemtafutia Bi Madumu nyumba ya uhakika: nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, kule kule mitaani kwao. Kiangazi inamaliza madumu arobaini kwa siku. Pale hata mimi ningeuza nikiwa usingizini. Nimemwambia aende leo. Amesema sawa.

Hakwenda. Amesema alisahau. Mtu asiyesahau madumu ya mwaka juzi!

Alhamisi, 9 Mei

Nimefanya jambo ambalo sijivunii.

Leo tena hakwenda. Nikamfokea mbele ya wenzake wote. Nimemwambia ananiangusha, nimemwambia nilimwokota, ndiyo, neno hilo hilo, nilimwokota. Akangoja nimalize.

"Ile nyumba ni ya dada yangu," akasema.

"Dada yako ndiye mwenye nyumba ya wageni?"

"Hapana, mwalimu. Dada yangu ndiye anayeipelekea maji. Miaka kumi na mmoja. Watoto wake wanasoma kwa ile nyumba. Mimi na yeye tulianza na mkokoteni mmoja, yeye anavuta mbele, mimi nasukuma nyuma." Akafuta uso kwa kiganja. "Mawili niliyouza, wote wawili walioyanunua walikuwa wateja wangu. Kila tangi ninalouza ni mteja anayekufa. Wa kwangu naweza kumuua. Wa dada siwezi."

Nilitamani ardhi ipasuke nimezwe. Wiki tano nimemsifu kwa kukumbuka, na sikujiuliza hata siku moja kumbukumbu ile inamgharimu nini. Alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba kuufunga mlango wake wa zamani kwa mkono wake mwenyewe, na kurudi darasani kutufundisha. Nimemwomba msamaha pale pale, mbele ya wale wale niliomtukana mbele yao. Akasema, "Yamekwisha, dada." Kwangu hayajakwisha.

Ijumaa, 10 Mei

Nikiri na hili. Leo mchana nimekwenda mwenyewe hadi kwenye geti la ile nyumba ya wageni. Nia yangu ilikuwa kuuza tangi na kuandika jina la Bi Madumu kwenye fomu. Ningefikisha wanne, na nani angejua?

Kibarazani, akingoja mvua ikatike, alikaa mwanamke juu ya mkokoteni wenye mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai. Mabega yale yale. Masika hakuna anayenunua maji, kwa hiyo anabeba mizigo ya watu. Nikashindwa kugonga geti. Nikakaa naye.

Nilimweleza mimi ni nani, kisha maneno yakanitoka ambayo sikuyapanga: nikamwambia mdogo wake anajua mitaa mitatu, yeye bila shaka anajua zaidi, na kwamba mikokoteni ya maji siku zake zinahesabika, tangi likiuzwa na yeye au na mtu mwingine. Aje kwetu. Afundishe wengine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanifanyia usaili.

"Mdogo wangu mmeshamwajiri?"

"Bado. Anatakiwa afikishe matatu."

"Na wewe hicho cheo cha kufundisha umeshapewa?"

"Bado."

Akacheka kwa sauti, meno yote nje. "Ehe! Bado na bado, sasa unakuja kumwita nani? Mama, mimi nina watoto wanne na mkokoteni. Siuachi mkokoteni kumfuata mtu ambaye naye yuko kwenye foleni. Nenda ukaombe cha kwako kwanza. Ukishapewa, njoo tuongee."

Mvua ikakatika. Akanyanyua mikono ya mkokoteni, mifuko mitatu ya saruji, akaondoka nayo kupanda mlima bila kusimama. Nimemtazama hadi kona. Sijui kama nimewahi kumwona mkurugenzi yeyote mwenye akili kali namna ile.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeingia kwa mkurugenzi bila kuitwa. Miaka tisa, na sijawahi kuufungua ule mlango bila kuitwa.

"Nina watatu," nikamwambia. "Wa nne ana mawili. Hatafikisha, na sitamlazimisha." Nikamweleza sababu yote, dada mtu na nyumba ya wageni. Nikamweleza pia kwamba matangi kumi kati ya kumi na moja tuliyouza masika haya yalitoka kichwani mwa mwanamke niliyemwandikia hafai. "Nakitaka kiti cha mkufunzi. Nataka yeye abaki anisaidie kufundisha. Na nataka kumwajiri dada yake."

"Tulisema wanne."

"Nilisema mimi. Kamanda alipopewa kiti alikuwa amefaulisha wangapi?"

Akaangalia dirishani. Nilidhani atanitoa nje.

"Hakuna," akasema mwishowe. "Yeye aliomba."

"Na mimi naomba, bosi. Ningeomba zamani kama ningejua panaombwa."

Akaniambia nimpe mpaka Ijumaa. Nimetoka nikakaa chooni dakika kumi.

Alhamisi, 16 Mei

Manyunyu. Sijala.

Ijumaa, 17 Mei

Barua imetoka. Mimi ni mkufunzi wa mauzo. Bi Madumu anabaki, msaidizi wangu. Dada yake anaweza kuja, ila auze matatu kama wengine. Nimeisoma mara nne, mara ya mwisho kwa sauti, na mlinzi akanipa pongezi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nyumbani nimemkabidhi mama mkwe. Akaomba miwani. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. "Hapa wameacha nafasi mbili," akasema. "Na hapa wamesahau nukta." Kisha akaiweka mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili, akalia. Nimeketi chini karibu na miguu yake.

Jumatatu, 20 Mei

Dada mtu amekuja saa moja na nusu, kabla hata ghala halijafunguliwa. Kavaa gauni la heshima na viatu vya kufunika. Hakukaa.

"Nimesikia umepewa. Hongera. Nina sharti moja," akasema. "Ile nyumba ya wageni asiiguse mtu. Naiuza mwenyewe. Leo."

Bi Madumu akamshika mkono. "Dada, huna haja. Zipo nyumba nyingine."

"Yule ni mteja wangu. Akiachwa, aachwe na mimi."

Tumekwenda watatu kwa miguu, jua limetoka, barabara inafuka mvuke. Mwenye nyumba ya wageni, mama mtu mzima mwenye kanga mabegani, alitufungulia geti akamwangalia dada mtu juu hadi chini.

"Leo umependeza. Mkokoteni uko wapi?"

"Nimeuacha nyumbani, mama. Nimekuja kukuaga."

"Unahama?"

"Sihami. Miaka kumi na mmoja nimekuletea maji. Mwaka jana mwezi wa nane siku nne sikufika, niliumwa. Wageni uliwaambia nini?"

Yule mama akafikiri. "Niliwarudishia pesa zao, wakaondoka. Na mimi nilioga kwa kikombe."

"Sikupata usingizi siku zile. Nilijua hapa ndani hakuna hata tone. Sitaki tena kulala na hofu hiyo, na wewe usilale nayo. Chukua matangi mawili, la upande huu na la upande wa jikoni. Moja halikutoshi, nakujua."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Bi Madumu alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka kwenye ndala. Mimi nilisimama nikijua kwamba sitaona tena uuzaji kama ule maishani mwangu: mtu anayauza maisha yake ya miaka kumi na mmoja kwa bei ya haki, na anamwonea huruma mnunuzi.

Mwenye nyumba hakuuliza bei. Hakuangalia karatasi zetu. Alimshika dada mtu kiwiko.

"Na wewe, mwanangu, sasa utakula nini?"

Dada mtu aligeuka akaniangalia mimi, na Bi Madumu naye akainua kichwa akaniangalia, na yule mama akafuata macho yao hadi akanifikia.

"Atakula kazini kwangu," nikasema.

Nimelisema mbele ya wanawake watatu, kwa sauti, mchana kweupe. Dada mtu akaniomba kalamu ya kujazia fomu.